Kanga Haisomwi kwa Mbele

Kimya kingi kina mshindo, wahenga walishasema. Mnisamehe wasomaji wangu kwa kupotea, kazi za huku mnazijua. Leo sina habari za theluji wala za kodi ya nyumba hapa Silver Spring. Leo nataka kuandika juu ya nguo, tena nguo za mtu ambaye hayupo. Kachorwa. Anaishi ndani ya kompyuta ya binti yangu, na kwa miezi minne sasa ametugombanisha mimi na mwanangu, mpaka bibi yake aliyeko Unguja naye kaingia.

Nieleze kwanza, maana wengi wenu ni wa rika langu na gemu mnalolijua ni la yule nyoka wa simu za Nokia. Binti yangu, miaka 17, anatengeneza riwaya ya picha. Ni gemu lisilo na kukimbia wala kupiga risasi, na Wajapani ndio mabingwa wake. Unasoma hadithi. Nyuma kuna picha ya mahali, mbele yake amesimama mhusika anakutazama, na chini kuna kisanduku ambamo maneno yanatokea. Kila baada ya muda unaulizwa uchague: umjibu au unyamaze? Umfuate au ubaki? Hadithi inageuka kufuatana na ulichochagua. Programu anayotumia inaitwa Ren'Py, ni ya bure, ipo tangu mwaka 2004, na mtu mmoja mwenye subira anaweza kuimaliza kazi nzima peke yake chumbani. (Vyombo kubaki kwenye sinki ni mada ya siku nyingine.)

Hadithi yake ni ya kisayansi, lakini ya mtindo wa zamani, yaani siku zijazo kama walivyoziota watu wa miaka ya 1960: roketi zenye mapezi, mashine kubwa kama kabati zenye taa za kuwakawaka, na simu bado ina waya. Kwa mtoto wa huku hilo si geni. Bethesda Game Studios wapo Rockville, kaunti yetu hii hii ya Montgomery, na mwaka 2008 walitoa Fallout 3, gemu linaloionyesha Washington baada ya vita vya nyuklia, na kila kitu ndani yake kina sura ya miaka ya 1950. Walibandika picha za jiji lililobomoka kwenye stesheni ya Metro Center, na si kila abiria alifurahi. Mhusika wake mkuu anavaa suti ya buluu yenye mistari ya manjano, na mgongoni imeandikwa 101, namba ya handaki alimokulia. Ishikeni hiyo namba ya mgongoni.

Sasa binti yangu hadithi yake kaiweka Unguja. Sababu ni Friendship 7, kile chombo alichopanda John Glenn kuizunguka dunia mara tatu tarehe 20 Februari 1962. Kiko kwenye jumba la makumbusho ya anga pale National Mall, na ukikiona utashangaa mtu mzima alienea vipi. Glenn akiwa juu alikuwa akizungumza na vituo vya chini kimoja baada ya kingine, na kimojawapo kiliitwa Zanzibar. NASA walikuwa na kituo Tunguu, jamani! Kulikuwa na maandamano na hotuba za kukipinga, watu wakisema ni kituo cha makombora kitakachotuletea vita vya wakubwa. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, kilifungwa mwaka ule ule.

Nikamwambia mwanangu, hebu piga hesabu ya saa. Roketi iliruka Florida saa 3:47 asubuhi. Kwetu hiyo ni saa 11:47 jioni, na ilikuwa katikati ya mwezi wa Ramadhani. Nusu saa baadaye, Glenn anapita juu ya Unguja, uji umeshaiva na watu wanangoja adhana ya magharibi. Mtoto akanyamaza. Kesho yake mhusika wake alikuwa ameshazaliwa: msichana wa Unguja, anashughulikia redio pale Tunguu, amefunga, hedifoni masikioni, anamsikiliza mtu aliye juu ya mawingu. Katika hadithi hiyo kituo hakifungwi. Kinakua mpaka Unguja inakuwa bandari ya kwendea kwenye nyota, majahazi upande mmoja, roketi upande wa pili.

Ugomvi ukaanza kwenye nguo.

Picha ya kwanza ilikuwa suti ya fedha inayong'aa, bega moja limeshonwa kitenge, shanga shingoni. Nikamuuliza, huyu wa wapi? Akasema, "Ni Mwafrika, mama." Nikasema Unguja hakuna mtaa unaoitwa Afrika. Akakasirika, mimi nikaenda kupika.

Mtasema mama mzima anagombana kwa ajili ya katuni. Lakini katika riwaya ya picha uso wa mhusika huchorwa mara nyingi: huu wa furaha, huu wa hasira, huu wa kuona haya. Nguo huchorwa mara moja tu, kisha nyuso zinabadilishwa juu yake. Msomaji atakaa na nguo hiyo kwa saa sita, saa nane. Ikiwa nguo inasema "Afrika" halafu basi, basi huyo msichana atakuwa anasema hivyo hivyo kwa saa nane hata akiwa analia.

Kitenge begani nimekiona mara nyingi. Mnamkumbuka Edward Makuka Nkoloso wa Zambia, yule aliyetangaza mwaka 1964 kwamba atapeleka watu mwezini na Mars, akawa anawazoeza vijana kwa kuwabingirisha kilimani ndani ya pipa? Mwaka 2012 mpiga picha wa Kihispania, Cristina de Middel, alitoa kitabu cha picha kiitwacho The Afronauts kuhusu ndoto hiyo, na wanaanga wake wamevaa suti za vitenge. Ni picha nzuri sana, sizikatai. Ila Nkoloso mwenyewe alivaa kofia ya chuma na joho, kama mtu aliyepigana vita na anayetaka aonekane mkubwa, na hilo linanieleza mengi zaidi juu yake. Kitenge kinanieleza juu ya anayemtazama.

Binti yangu akanijibu kwa Uhura. Hapo alinipata, maana mimi ndiye niliyempeleka. Mwaka 2023 jumba la makumbusho ya historia na utamaduni wa Wamarekani Weusi, hapa Washington, lilifungua maonyesho ya Afrofuturism, ambayo yalifungwa mwaka uliofuata. Ndani yake kulikuwa na sare aliyoivaa Nichelle Nichols katika Star Trek. Gauni fupi jekundu, kola nyeusi, nembo kifuani. Kwenye kioo ni dogo kuliko unavyofikiri.

Jina Uhura ni letu. Nichols alisimulia kwamba alikwenda kwenye usaili akiwa na riwaya ya Robert Ruark ya mwaka 1962 iitwayo Uhuru. Neno likapendwa, mwisho wake ukalainishwa, likawa Uhura. Jina la kwanza, Nyota, alipewa baadaye vitabuni na likatamkwa kwenye filamu ya mwaka 2009. Na katika kipindi cha kwanza kabisa kurushwa hewani, tarehe 8 Septemba 1966, kuna mahali anasemeshwa Kiswahili. Jina la kwetu, lugha ya kwetu. Nguo je? Aliibuni William Ware Theiss, na wanawake wengine wa ile meli walivaa hiyo hiyo. Nilisimama pale kwenye kioo nikawaza: neno limefika kwenye nyota, kanga imeachwa nyumbani.

"Lakini mama," akasema mwanangu, "kuvaa sawa na wao ndiyo maana yenyewe." Na kweli, kwa Marekani ya 1966, mwanamke mweusi kukaa kwenye chumba cha uongozi kwa sare ile ile waliyovaa weupe halikuwa jambo dogo. Mwaka 1977 NASA walimtumia Nichols huyo huyo kuwaita wanawake na watu weusi waombe kazi ya uanaanga, na katika kundi lililochaguliwa mwaka 1978 walikuwemo Sally Ride, Guion Bluford na Ronald McNair. Kwa hiyo sare ilifanya kazi yake. Katika maonyesho hayo hayo kulikuwa na suti ya urubani aliyowahi kuivaa Trayvon Martin kwenye mafunzo ya vijana. Aliuawa mwaka 2012 akiwa na miaka 17. Hapo hatukubishana, tulipita kimya.

(Kwa kuwa tumeligusa neno uhuru: wakazi wenzangu wa Maryland, mkipita Greenbelt penye kituo cha Goddard, mjue setilaiti ya kwanza duniani kupewa kazi moja tu ya kupima miale ya eksirei kutoka angani iliitwa Uhuru. Msimamizi wa mradi alikuwa Marjorie Townsend wa Goddard, mzaliwa wa Washington. Ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu ya uhuru wa Kenya, kutoka jukwaa la Waitaliano baharini karibu na Malindi, na jina likatokana na siku hiyo. Mwanangu ameshamfanya mhandisi mwanamke kutoka Greenbelt kuwa mhusika wa pili. Huyo nguo zake hazikutusumbua hata siku moja: sketi, blauzi, kitambulisho kifuani. Kwa nini yeye awe rahisi na wetu awe mgumu? Nawaachia.)

Basi nikamvuta kwenye cherehani. Nikamwambia nguo ya kisayansi haianzi na rangi, inaanza na kazi. Suti walizovaa Armstrong na wenzake mwezini zilishonwa na kampuni ya ILC huko Dover, Delaware, ambayo watu waliijua kwa sidiria na mishipi ya kubana tumbo ya Playtex. Tabaka 21 za kitambaa, na walioshona ni mafundi wanawake kwa cherehani, mshono ukipinda kidogo tu unakataliwa. Armstrong alishuka mwezini ndani ya kazi ya mafundi wale. Sasa wewe msichana wako anafanya nini kutwa? Anakaa. Ana hedifoni, kwa hiyo kichwani hawezi kufunga kilemba kikubwa. Chumba cha mitambo kina baridi ya mashine, nje kuna joto la kaskazi. Akitoka magharibi anahitaji kitu cha kujitanda. Kitu gani hicho?

Kanga, akasema mwenyewe.

Na hapo nikamweleza jambo ambalo nyumbani husemwa kwa sauti ya chini. Zamani Unguja kaniki, ile nguo nyeusi ya bei ndogo, ilikuwa nguo ya watumwa. Utumwa ulipopigwa marufuku mwaka 1897, wanawake wengi waliopata uhuru waliiacha kaniki wakajifunga kanga, nguo yenye rangi na maua, na miaka ikienda wakavaa na buibui, ambalo lilikuwa la wenye hadhi. Mwanahistoria Laura Fair ameyaandika hayo kwa kirefu. Yaani Uhura kapewa neno lenyewe kwenye jina. Wanawake wa Ng'ambo walilifunga kiunoni. Mtoto akaandika kila kitu kwenye daftari. Mara ya mwisho kumwona anaandika maneno yangu alikuwa darasa la pili.

Tukaja kwenye ufundi, na ufundi ulinifurahisha kuliko nilivyotegemea. Anataka gemu lifanane na zile za kompyuta za zamani za Kijapani, PC-9801 za NEC, zilizokuwa na rangi 16 tu kwenye skrini kwa wakati mmoja. Kilichompa moyo ni VA-11 Hall-A, gemu la mwaka 2016 la vijana wa Venezuela waliochora kwa mtindo huo, maana aliona kumbe si lazima uwe Tokyo. Basi rangi 16 kwa suti ya fedha ni mateso, kung'aa kunataka rangi nyingi. Kanga je? Kanga ni rangi mbili, tatu, nne ikizidi. Rangi zisizokuwepo wachoraji wa zamani walizidanganya kwa nukta nukta, na kanga, wanasema wazee, ilipata jina kwa ndege yule mwenye madoa. Nilipomtandikia doti moja kitandani, pindo, mji na jina, akasema, "Mama, hii ni skrini." Ina fremu, ina picha katikati, na chini kuna kisanduku cha maneno.

Kha! Miaka yote najifunga skrini.

Lakini akagundua tatizo. Mhusika wa riwaya ya picha anaonekana kuanzia kichwa mpaka mapajani, ametazama mbele. Kanga ya kiunoni jina lake linakaa nyuma, mnajua wapi, na hata lingekuwa mbele kisanduku cha maneno kingelifunika. Ukimjitanda mabegani, jina linaangukia mgongoni. Kwa hiyo kitu kimoja kinachoitofautisha kanga na nguo nyingine duniani, kwamba inasema, hakionekani kabisa. Alijaribu kuliandika jina kifuani, nikakataa. Hiyo itakuwa fulana.

Akampigia bibi yake. Wao wana desturi yao ya Jumapili. "Shikamoo bibi." "Marahaba mwanangu, umekula?" Kwa Kiswahili chake cha kuchechemea akamwuliza msichana wa kazi ya namna hiyo angevaa nini mwaka 1962. Mama alikuwa mtoto wa chuoni wakati huo, lakini kwa nguo kumbukumbu zake hazina kutu. Gauni la kola, akasema, mikono mifupi, limebana kiunoni, marinda. Na akitoka barabarani, buibui lake au kanga, inategemea ni nani na anatoka wapi. Wakacheka sana. Kisha mtoto akauliza swali lililofuata, maana hadithi yake lazima ipite mwaka 1964 ifike kwenye nyota: siku ile ya Mapinduzi msichana huyu avae nini?

Simu ikanyamaza mpaka nikadhani mtandao umekatika.

"Mvike sare," mama akasema. "Wakati ule nguo ilikutaja kabla hujafungua mdomo. Mtu wa sare haulizwi kwao wapi." Halafu akauliza kama huku kuna baridi.

Mimi na mama yangu hatujawahi kuzungumza zaidi ya hapo kuhusu Januari ile, na sijui kama tutazungumza. Bado nasema sare ya Uhura imemwacha bila kwao. Mama, aliyekuwepo, anasema kuna siku kukosa kwao ndiko kunakokuvusha. Mtoto alikaa kati yetu na simu mkononi, na nadhani siku ile ndipo gemu lilipoacha kuwa la shule.

Alichofanya ni hiki. Msichana wake, akikutazama, amevaa sare ya kituo: gauni la kola la rangi ya mchanga, vifungo, nembo ndogo, hedifoni. Ukimtazama hivyo hujui lolote, na katika sehemu ya mwaka 1964 hujui lolote kwa makusudi. Kisha amechora picha ambayo magemu haya hayana sana, kwa sababu mhusika kawaida akimaliza kusema hufifia tu akatoweka. Huyu anageuka. Adhana ya magharibi, anavua hedifoni, anajitanda kanga, anakupa mgongo anaondoka, na kisanduku cha maneno kinafungwa. Hapo ndipo unalisoma jina. Kama ile 101 ya kina Bethesda, ila yao ni namba waliyopewa na handaki. Yake kaichagua dukani. Na kila ukichagua jibu tofauti, jioni ile anatoka na kanga nyingine. Ukimkera unasomeshwa mgongoni! Nikamwambia sasa huyu ni wa Unguja, hata simuulizi tena.

Amechora tisa, anataka kumi na mbili. Majina mengine katunga mwenyewe, kwa mfano NAKUSIKIA ILA SIKUJIBU, ambalo kwa mtu wa redio naona limekaa. Jina la jioni ya mwisho, kabla hajapanda roketi, ameliacha wazi. Bibi kasema atalitafuta mwenyewe na asiharakishwe.

Kilichobaki ni mikono ya gauni. Mama anasema mifupi, dada yake anasema mpaka kwenye kiwiko, na wameshanuniana. Kwa hiyo wasomaji wangu, mwenye picha ya mama au shangazi aliyefanya kazi simu, posta au redio Unguja, Dar au Mombasa kati ya 1960 na 1964, hata iwe imefifia, aniandikie. Uso mnaweza kuuziba. Tunachotaka kuona ni kola, mikono, na alichojitanda akitoka.